Hemingway Ukambani: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Ukimtajia mtu Konza siku hizi, atakuambia habari za mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013 na Rais Mwai Kibaki. Aliyefanya kazi ya reli atakukumbusha stesheni, pale njia ya Magadi inapochepuka kutoka ile kuu ya Mombasa na Nairobi. Mfugaji atataja ukame na nyasi za Kapiti. Fasihi haitajwi kabisa, ilhali nyanda hizi, pamoja na vilima vya Potha na Kitanga vinavyopakana nazo upande wa Machakos, ndipo Ernest Hemingway alipofikia alipokuja Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, Desemba 1933. Alipofunga safari ya pili, Agosti 1953, alifikia huku huku. Mwenyeji wake mara zote mbili alikuwa setla mmoja wa Machakos, Philip Percival, mwindaji aliyekodiwa na matajiri wa Ulaya na Marekani.

Katika safari hizo mbili Hemingway alipata riwaya, hadithi fupi na vitabu vya mazingira ambavyo vimesomwa dunia nzima. Alipata pia sifa nyingi zisizo zake. Habari zake zimesimuliwa hotelini na kwenye magari ya watalii mpaka zimejaa chumvi, na sehemu ya chumvi hiyo aliitia mwenyewe. Mimi naona kuna hasara katika hilo. Kila uongo unaomkuza Hemingway unamfuta mtu wa Ukambani aliyekuwa amesimama kando yake. Basi tuzipime habari hizi moja moja.

"Theodore Roosevelt ndiye aliyemvuta Hemingway kuja Machakos."

Kweli, na hii ni mojawapo ya habari chache ambazo hazikutiwa chumvi. Aprili 1909 Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama Rais wa Marekani, alipanda treni Mombasa, akakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini ili awaone wanyama vizuri. Alishuka stesheni ya Kapiti, ukitoka Konza kuelekea Nairobi, akaenda kukaa Kitanga kwa Sir Alfred Pease. Philip Percival wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naye ni mmoja wa masetla waliowinda na Roosevelt katika nyanda hizi. Kaka yake, Blayney Percival, ndiye aliyekuwa msimamizi wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni.

Wakati Roosevelt anashuka Kapiti, Hemingway alikuwa hajatimiza miaka 10. Alizaliwa 21 Julai 1899 Oak Park, karibu na Chicago, na baba yake alikuwa daktari aliyemfundisha mwanawe kuwinda, kuvua samaki na kuyatambua majina ya ndege na miti. Mtoto wa nyumba kama hiyo hangeweza kuikosa habari ya Roosevelt. Kwa hiyo alipofika Potha akiwa na miaka 34, na kumkuta mwenyeji aliyepanda farasi pamoja na shujaa wake wa utotoni, nusu ya kitabu ilikuwa imeshaanza kujiandika.

"Vile vilima vya kijani katika kitabu chake ni vilima vya Kenya."

Si kweli. Green Hills of Africa, kitabu kilichotoka Oktoba 1935, kina jina linalowafanya wengi wafikirie Ngong, Chyulu au Mua. Hemingway, mkewe Pauline na rafiki yao Charles Thompson walishuka Mombasa 8 Desemba 1933. Fedha za safari zilitoka kwa ami yake Pauline, Gus Pfeiffer, aliyewapa dola 25,000. Walikaa siku chache kwa Percival wakizoea jua na kujaribu bunduki kwa wanyama wa Kapiti, kisha tarehe 20 wakaondoka kuelekea Tanganyika. Simba waliwatafuta Serengeti. Vifaru waliwafuata upande wa Manyara. Tandala wakubwa, ambao ndio kiini cha kitabu, aliwasaka kusini ya Babati na upande wa Handeni. Vilima vya kijani ni vya Watanzania, na wana haki ya kuvidai.

Machakos ilichangia kitu kingine: watu. Percival aliondoka shambani kwake na kikosi chake mwenyewe, watu waliofanya naye kazi miaka mingi.

"Hemingway alikuwa mwindaji hodari kuliko wote."

Si kweli, na ushahidi ameuandika mwenyewe.

Katika Green Hills of Africa yupo mtu anayeitwa Karl. Huyo ni Charles Thompson, muuzaji wa vifaa vya chuma kutoka Key West, mtu mpole asiyependa mashindano. Kila mnyama ambaye Hemingway alimtafuta kwa jasho, Thompson alimpata mkubwa zaidi. Kifaru wa Thompson alimpita wa Hemingway. Tandala wake pia. Hemingway alikasirika, akaona haya kwa kukasirika, kisha akayaandika yote mawili. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa pembe zozote alizopeleka Marekani.

Kisha yupo M'Cola, mbeba bunduki. Neno lenyewe linadanganya, kwa sababu kubeba bunduki ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mbeba bunduki ndiye aliyemwona mnyama kwanza, akazisoma nyayo na upepo, akajua kama damu kwenye jani ni ya pafu au ya tumbo, akaamua wasogee au wangoje. Kisha alisimama nyuma ya mgeni na bunduki ya pili, mnyama aliyejeruhiwa akija mbio, bila ruhusa ya kukimbia. Mgeni alikuwa na kazi moja tu, kufyatua risasi, na hata hiyo mara nyingi aliiharibu.

Tazama jinsi Hemingway mwenyewe anavyomchora mzee huyu. M'Cola anacheka anapoona fisi amepigwa risasi. Anacheka pia Hemingway anapolenga ndege wakapita salama. Hamsujudii mgeni, anampima. Siku simba wa kwanza alipouawa, Pauline alifyatua na Hemingway alifyatua, na kitabu kinatuachia shaka kubwa kama risasi ya mama huyo ilimgusa simba. M'Cola ndiye aliyetangaza kwamba simba ni wa Mama. Kambi nzima ikaamini, watu wakambeba Pauline juu juu kwa nyimbo hadi hemani. Hemingway alikubali. Katika mambo yaliyohusu heshima ya msituni, hukumu ya mbeba bunduki ilipita ya mwajiri.

Safari ya 1953 haikuwa bora. Hemingway alikuwa na miaka 54, mwili umechoka, shabaha imemtoka. Jarida la Look lilimtuma mpiga picha, Earl Theisen, na picha iliyovuma ilimwonyesha mwandishi ameketi kando ya chui aliyekufa. Chui yule alikuwa amepigwa pia na rafiki yake kutoka Kuba, Mayito Menocal. Mary, mke wa nne wa Hemingway, alishikilia kwamba lazima mumewe aue chui wa kwake kabla wasomaji hawajaiona picha hiyo. Wanaoitundika leo kama ushahidi wa uhodari wake wangefaa kuijua habari hiyo.

"Alikuwa rafiki wa Karen Blixen, wakitembeleana Ngong."

Si kweli. Karen Blixen aliuza shamba na kuondoka Kenya 1931, asirudi tena. Hemingway alifika zaidi ya miaka 2 baadaye. Aliyefahamiana naye ni Bror Blixen, mume wa zamani wa Karen, mwindaji kama Percival. Hata hivyo, Hemingway aliviheshimu vitabu vya mama huyo: alipopewa Tuzo ya Nobel 1954 aliwaambia waandishi wa habari kwamba Isak Dinesen, jina la kalamu la Karen, alistahili kuipata.

"Alipanda Kilimanjaro, akaandika hadithi yake huko juu."

Si kweli. Hakuupanda mlima huo kamwe. Katikati ya Januari 1934, wakiwa Serengeti, ugonjwa wa kuhara damu ulimwangusha. Ndege ndogo ikaitwa, ikamchukua kutoka porini hadi Arusha, kisha Nairobi, akapigwa sindano na kulala kitandani katika hoteli ya New Stanley. Katika safari hiyo ya angani aliuona mlima. Alirudi nyumbani Key West, Florida, na ndiko alikoandika The Snows of Kilimanjaro, iliyochapishwa katika jarida la Esquire Agosti 1936. Mwandishi Harry wa hadithini anakufa kwa kidonda kilichooza akiingojea ndege. Hemingway alipona na ndege ikafika.

Lakini chui aliyeganda karibu na kilele, ambaye wasomaji wengi hudhani ni ishara iliyobuniwa, ni wa kweli. Mzoga wake uliripotiwa 1926 na Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mlima mara nyingi, na jina lake limebaki kwenye kreta ya Kibo.

"Hadithi ya Francis Macomber aliitunga kichwani tu."

Si kweli kabisa. Hadithi hiyo, iliyotoka Septemba 1936, inamhusu Mmarekani tajiri, mkewe na mwindaji wao, na risasi inayomuua mume. Mwaka 1908 kanali J. H. Patterson, yule yule wa simba wala watu wa Tsavo, aliongoza msafara uliokuwa na Mwingereza Audley Blyth na mkewe Ethel. Blyth alikufa kwa risasi hemani mwake, na Patterson akaendelea na safari pamoja na mjane. Kashfa hiyo ilifika hadi London. Masetla waliendelea kuinong'ona kwa miaka mingi, na Percival ndiye anayeaminika kumsimulia Hemingway. Mwandishi aliyabadilisha karibu yote, akabakiza sumu iliyokuwa kati ya watu watatu.

"Alioa msichana wa Kikamba."

Hapa inabidi twende polepole.

Safari ya pili ilifanyika wakati mgumu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, watalii walikuwa wameikimbia Kenya, na serikali ya kikoloni ilihitaji mtu maarufu aonyeshe kwamba wageni bado wanaweza kuja. Hemingway alipewa cheo cha heshima cha askari wa wanyamapori. Percival, aliyekuwa amestaafu, alikubali kuandamana naye, na kikosi kikaanzia Kitanga. Kutoka hapo walihamia Salengai, wakaenda upande wa Magadi, mwisho wakapiga kambi Kimana, chini ya Kilimanjaro, ambako Wakamba wachache walilima mashamba katikati ya nchi ya Wamaasai. Wengi wa watu wa kambi walikuwa Wakamba pia. Katika maandishi yake yupo Keiti, kiongozi wa watumishi aliyemtumikia Percival miaka mingi. Yupo Ngui, mbeba bunduki, na Mthuka, dereva asiyesikia vizuri.

Percival alipoondoka na Mary alipokwenda Nairobi kununua vitu vya Krismasi, Hemingway alinyoa kichwa, akapaka nguo zake rangi ya udongo mwekundu kama Wamaasai, akawinda kwa mkuki. Katika barua kwa marafiki alijigamba kuhusu msichana wa Kikamba aliyemwita Debba, kwamba ni mchumba wake, na mara nyingine akazungumza kana kwamba ni mke. Mary, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1976, anasimulia kwamba alirudi akasikia kuna wasichana waliokaribishwa kambini na kitanda kikavunjika. Hiyo ndiyo akiba yote ya ushahidi: maneno ya mwanamume aliyependa kujisifu, na maneno ya mkewe aliyesikia baadaye.

Upande wa pili hakuna kitu. Hakuna aliyekwenda kumuuliza msichana huyo wakati jambo lilipokuwa bichi, wala wazazi wake. Na Mkamba yeyote akiulizwa kama kulikuwa na ndoa, atauliza swali moja tu: mbuzi wa ntheo walipelekwa? Mbuzi hao watatu ndio wanaofungua ndoa kwa desturi ya Wakamba. Bila wao, hata mtu akikaa na mwanamke miaka na kuzaa naye, wazee watasema hajaoa. Hakuna mahali popote inapoonekana kwamba Hemingway alitimiza desturi hiyo. Kwa hiyo ndoa si kweli. Uhusiano haukuthibitishwa. Kinachothibitika ni kwamba mgeni mwenye miaka 54, mwenye fedha, bunduki na cheo cha serikali, katikati ya hali ya hatari, alikuwa na uwezo mkubwa mno juu ya familia ya wakulima maskini. Wanaoisimulia habari hii kama mapenzi ya porini huuruka ukweli huo, nami siwezi kuuruka.

Kuna jambo linaloongeza mkanganyiko. Kati ya 1954 na 1956, akiwa nyumbani kwake Kuba, Hemingway aliandika kurasa mia nane na zaidi kuhusu miezi hiyo ya Kimana, kisha akauacha mswada bila kuumaliza. Mwanawe Patrick, ambaye mwenyewe aliishi Tanganyika miaka mingi na kufundisha katika Chuo cha Wanyamapori Mweka, aliupunguza karibu nusu, ukachapishwa 1999 kwa jina True at First Light. Mswada karibu mzima ulitoka 2005 kama Under Kilimanjaro. Wasomaji wengi huuchukua kama shajara. Sivyo. Patrick mwenyewe aliutoa kama kumbukumbu iliyochanganywa na ubunifu, na ndani yake msimulizi anapita mpaka kati ya yaliyotokea na aliyotamani yatokee bila kutuonya. Anayeutumia mswada huo kuthibitisha ndoa ni kama anayeamini kesi kwa sababu mshtakiwa ameitungia wimbo.

"Alikufa kwa ajali ya ndege Uganda."

Si kweli, ingawa magazeti ya dunia yaliiandika. Tarehe 23 Januari 1954 ndege ndogo ya rubani Roy Marsh iligonga waya wa zamani wa simu karibu na maporomoko ya Murchison. Hemingway na Mary walilala usiku ule porini kando ya Nile, na siku iliyofuata mashua ikawapeleka Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Huko walipanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa na bega. Ini, figo na wengu viliumia, uti wa mgongo ukapata ufa, na fuvu la kichwa pia. Alipofika Nairobi alizisoma tanzia zake mwenyewe. Mwezi uliofuata alikwenda kuvua samaki Shimoni, pwani ya Kwale, akaunguzwa tena na moto wa nyika. Hakupata afya yake ya zamani. Alijitoa uhai nyumbani kwake Ketchum, Idaho, 2 Julai 1961.

"Alipewa Nobel kwa ajili ya vitabu vyake vya Afrika."

Si kweli. Tuzo ilitangazwa Oktoba 1954, na kamati ilitaja ufundi wake wa kusimulia, hasa katika The Old Man and the Sea ya 1952, ambayo ni ya Kuba. Majeraha ya Butiaba yalichangia kumzuia kwenda Stockholm, na hotuba yake ikasomwa na balozi wa Marekani.

"Hakuwa mwandishi wa mazingira, alikuja kuua tu."

Nusu kweli, na ndiyo nusu inayostahili kujadiliwa zaidi katika nchi ambayo ilipiga marufuku uwindaji wa burudani 1977.

Aliua, na aliua kwa kujifurahisha. Hakuna njia ya kulipamba hilo. Hata fisi, ambaye nyama yake hailiwi na ngozi yake haitakiwi, aliuawa ili watu wacheke. Lakini mtu huyo huyo alijifunza kuitazama nchi kwa namna ambayo wachache kabla yake waliweza kuiandika: mtelemko wa korongo linalokauka, harufu ya majani yaliyokanyagwa asubuhi, mwanga unavyobadilika kabla ya mvua, jinsi mnyama anavyogeuza sikio kabla ya kugeuza kichwa. Haya hayapatikani kwa kukaa ndani ya gari. Aliyapata kwa kutembea nyuma ya M'Cola. Katika Green Hills of Africa alikwenda mbali zaidi, akaandika kwamba bara huzeeka haraka wageni wanapofika, kwa sababu mwenyeji huishi kwa kupatana na ardhi, na mgeni hukata miti, hukausha maji na kugeuza udongo mpaka ukachoka. Aliandika hivyo 1935. Na alijihesabu mwenyewe miongoni mwa hao wageni. Katika safari ya pili alikuwa na furaha zaidi ya kutazama kuliko ya kufyatua, akitumia siku nyingi na Mary kuwaangalia ndege na kuwafuata wanyama bila kuwagusa.

Lawama yangu kwake ni nyingine. Aliandika kuhusu ardhi inayochoka, baada ya kulala katika shamba ambalo kisa chake cha kuchoka kwa ardhi kilikuwa nje ya dirisha, na hakukiandika. Wakamba wa Machakos walikuwa wamenyang'anywa malisho ya Kapiti na vilima vya Mua, wakabanwa katika eneo walilotengewa. Ng'ombe walewale, ardhi ndogo zaidi: udongo ukaanza kukimbia na mvua. Serikali ikasema kosa ni la ng'ombe. Mwaka 1938 ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimefunguliwa karibu, Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa kumtaka gavana awasikilize. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara yenye jina lake haiko mbali na New Stanley, hoteli aliyolala Hemingway akiugua.

Tukio hilo liko katikati ya safari zake mbili. Aliporudi 1953 kikosi chake kilijaa watu wa umri wa kulikumbuka, na pengine wengine walikuwa na ndugu waliotembea. Katika mswada wa Kimana Wakamba ni waaminifu, wachekeshaji, hodari, na msimulizi anatamani kuwa mmoja wao. Anaandika hofu ya Mau Mau kama jambo linalozunguka kambi yake. Ardhi iliyochukuliwa hasemi. Mwandishi mwenye jicho kali namna ile la kuona nyayo za tandala alikuwa amefundishwa mahali pa kutazama na Wakamba, na mahali pa kutotazama na masetla. Hilo ndilo pengo kubwa katika kazi yake ya Afrika, na mwanafunzi wa fasihi wa Machakos au Makueni ana haki ya kuliuliza kila anapovisoma vitabu hivi.

"Basi Hemingway hatuhusu."

Si kweli. Watu wa Konza wana haki juu yake kuliko hoteli zote za Nairobi zinazotundika picha yake, kwa sababu Wakamba waliofanya kazi na Percival ndio waliomfundisha kuitazama nchi hii. Kapiti yenyewe bado ipo. Sehemu yake kubwa leo ni kituo cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ambako ng'ombe wanalisha nyanda moja na pundamilia, kongoni na twiga. Kwingine nyua zinaongezeka, ploti zinakatwa, na njia ambazo wanyama hupita wakati wa kiangazi zinabanwa na ujenzi unaoifuata barabara ya Mombasa na mji mpya. Mwandishi wa mazingira anayehitajika huku sasa ni yule atakayeyaandika hayo akiwa na jicho la M'Cola na kumbukumbu ya Muindi Mbingu.

Ninaloomba ni dogo na linawezekana. Majina ya wabeba bunduki, wapishi, madereva na wafuata nyayo wa Potha na Kitanga hayakuandikwa kamili katika vitabu vya Hemingway. Mengi yalifupishwa au kuandikwa vibaya. Kama babu au baba wa babu yako alifanya kazi na Percival, na kama bado yuko mtu nyumbani anayekumbuka jina lake kamili, kijiji chake na safari alizokwenda, mketishe wiki hii umrekodi. Kama kuna kitambulisho cha kipande, barua au picha sandukuni, toa nakala uipeleke Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na nyingine uiache kwenye shule iliyo karibu nawe, ili watoto wa Konza wakifundishwa Hemingway wafundishwe pia nani alikuwa mbele yake njiani.